Titanic inatuliza: machozi yanatoka wapi?

Andika neno "inatuliza" kwenye karatasi, mpe mtu alisome. Mmoja atalikata i-na-tu-liza: inatufanya tulie. Mwingine atalikata i-na-tuliza: inapoza moyo. Herufi ni zilezile, na hata ukilitamka, mkazo unaangukia palepale. Kwa kawaida muktadha ndio unaoamua. Kwa filamu ya Titanic hata muktadha hausaidii, maana inafanya yote mawili, tena kwa mpigo mmoja.

Hapo ndipo penye fundo. Filamu hii ya James Cameron ilitoka Desemba 1997, ina urefu wa saa tatu na dakika 14, na kabla hujakaa kitini unajua itakavyokwisha. Meli iligonga mwamba wa barafu saa 5:40 usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, ikazama saa 8:20 usiku huohuo, watu zaidi ya 1,500 wakafa. Walimu wa fasihi walitufundisha taharuki: msomaji anafungua ukurasa unaofuata kwa sababu hajui kitakachotokea. Hapa tunajua. Mbona basi watu wanalia, na mbona wanalia hata mara ya sita?

Mara ya kwanza niliiona Mwanza, kwenye banda la video lenye ukuta wa mabati, mabenchi ya mbao, deki moja na televisheni iliyofungiwa ndani ya kasha la nondo. Ilikuja kwa kanda mbili. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama Ziwa Victoria Mei 1996, ikiwa njiani kuja mji ule, ikaondoka na watu zaidi ya 800, na haikuwa imepita hata miaka mitatu. Kwa hiyo pale bandani hakuna aliyekuwa anaangalia meli ya Wazungu. Mimi nilikuwa kijana, nikajiwekea utaratibu: kama ni kulia, nitalia akifa Jack, yule kijana anayependana na Rose ndani ya meli, na nitajifanya nimeingiwa na vumbi. Lakini wenzangu walianza mapema, mahali nisipopategemea. Mama mmoja muuza karanga, aliyeingia kudai hela yake tu, alibaki amesimama mlangoni na beseni kichwani. Jack alikuwa bado mzima. Kilichomtoa machozi yule mama ni wazee wawili wasiotajwa jina, wamelala kitandani wamekumbatiana, maji yanapita chini ya kitanda. Sekunde chache, bila neno hata moja.

Nitarudi kwa wazee hao. Kwanza twende dukani kwa Mangi.

Mangi anakukopesha unga leo, sukari kesho, kiberiti keshokutwa. Kila kimoja ni kidogo, hukihisi. Mwisho wa mwezi anafungua daftari, na jumla yake inakukalisha chini. Cameron anafanya biashara hiyohiyo. Kwa zaidi ya saa moja na nusu, kabla barafu haijaonekana, anatukopesha vitu vidogovidogo: utani, wimbo, kauli moja ya kijana. Halafu anaanza kudai.

Mkopo wa kwanza hauna hata harufu ya mapenzi. Rose, aliyenusurika, sasa ni bibi wa miaka 100, ameletwa kwenye meli ya watafutaji wa hazina waliopiga kambi juu ya mabaki. Kijana mmoja mwenye ndevu, Bodine, anamwonyesha kwenye kompyuta jinsi Titanic ilivyozama: barafu inachana ubavu, maji yanajaza vyumba vya mbele kimoja baada ya kingine, tezi, ile ncha ya nyuma ya meli, inanyanyuka juu, chuma kinashindwa uzito, meli inakatika vipande viwili. Anasimulia kwa mbwembwe, kama mtangazaji wa mpira. Bibi anamshukuru kwa adabu, kisha anamwambia kwamba kwa aliyekuwa ndani mambo yalikuwa tofauti kidogo.

Ukiangalia haraka utadhani ni kichekesho cha kupitisha muda. Kumbe ni kazi ya fundi. Maelezo yote ya kitaalamu yametolewa hapo, mapema, tukiwa hatuna uchungu na mtu. Saa mbili baadaye meli inapokatika kweli, hakuna mhusika anayehitaji kusimama atueleze kinachotokea na kwa nini. Akili haina kazi ya kufanya, macho yako huru kutafuta nyuso.

Mkopo wa pili unatolewa usiku, kwenye tezi. Rose, akiwa bado binti, amevuka vyuma vya ukingo, anataka kujitupa baharini. Jack hamhubirii uzuri wa maisha. Anamweleza baridi. Anasema utotoni alitumbukia kwenye barafu akivua samaki katika ziwa Wissota, huko Wisconsin, na maji ya namna ile yanachoma mwili mzima kama visu elfu. Hupumui, hufikiri, unabaki na maumivu tu. (Ziwa hilo ni bwawa lililojengwa miaka kadhaa baada ya Titanic kuzama, kwa hiyo Jack asingeweza kuvua humo. Tumsamehe.) Sisi tunaichukua kama hila ya kijana mjanja, na inafanya kazi, binti anarudi ndani. Lakini ni maelezo kamili ya kifo cha Jack mwenyewe, ameyatoa kwa mdomo wake, siku chache kabla hakijamfika. Na palepale kwenye tezi anaacha na kauli nyingine: ukiruka, na mimi naruka.

Tikiti nayo ni mkopo. Jack na rafiki yake Fabrizio waliishinda kwenye karata, kwenye baa moja ya Southampton, meli ikiwa imebakiza dakika tano kuondoka. Walioshindwa ni Waswidi wawili. Mmoja anakunja ngumi, Jack anafumba macho kuisubiri, ngumi inamwangukia Mswidi mwenzake. Baa nzima inacheka. Wale wawili waliobaki sakafuni wakitukanana ndio waliopona, na anayekimbia na tikiti akipiga kelele za ushindi anakimbilia kaburini. Hicho ndicho kinaya: mtazamaji anajua, mhusika hajui. Kila furaha ya Jack kabla ya barafu ina kinaya kimekaa chini yake kama mashapo kwenye mtungi.

Sasa njoo kwenye omo, ile ncha ya mbele ya meli, jua linapozama. Picha hii imechapwa kwenye fulana, kwenye kanga za plastiki za meza, nyuma ya daladala, mpaka tumesahau kuiangalia. Rose amefumba macho. Jack anamsimamisha juu ya vyuma, anamnyoosha mikono. Muziki unapanda. Anafumbua macho, bahari yote iko mbele, anasema anaruka angani. Jack anamwimbia sikioni, kwa sauti ya chini ya mtu asiyejua kuimba, kawimbo ka mwaka 1910 ka mapenzi na ndege ya injini. Wanabusiana. Kamera inawazunguka taratibu, mwanga unafifia. Halafu, bila picha kukatwa, vyuma walivyoshika vinaanza kuota kutu. Wao wawili wanayeyuka kama mvuke, omo inabaki palepale, kwenye pembe ileile, ila sasa iko gizani, kwenye kina cha mita 3,800 hivi, imeota mikia ya kutu. Kioo cha televisheni. Uso wa bibi anayekiangalia. Anasema ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho Titanic kuona mwanga wa mchana.

Mimi naliona hilo ndilo tukio zito kuliko yote ndani ya filamu, na sijawahi kuona mtu akilia hapo. Unasikia kitu kimekaza kifuani, basi. Mangi amekuonyesha daftari kabla ya tarehe, akalifunga.

Na usidharau ule muziki unaopanda pale. James Horner aliutunga wimbo mmoja mkuu akautawanya. Unausikia wazi pale omoni, wakati wa furaha tupu. Baadaye Jack anapomchora Rose unarudi kwa kinanda peke yake, na anayekipiga kwenye rekodi ni Horner mwenyewe. Sikio lako limeshafundishwa: noti hizi ni hawa wawili. Kwa hiyo zinaporudi Jack akiwa hayupo, ni sikio linalolia kwanza, macho yanafuata. Ule wimbo wa Celine Dion uliotutesa kwenye kila harusi ya miaka ile hauingii mpaka majina yanapopita mwishoni, na Cameron mwanzoni hakuutaka kabisa; Horner aliurekodi kimyakimya, akamsikilizisha baadaye.

Barafu inagongwa filamu ikiwa imefika katikati hivi. Kuanzia hapo ni kudai tu.

Rose ameketi kwenye boti ya kuokolea, inateremshwa kwa kamba. Juu ukingoni wamesimama wanaume wawili, Jack na mchumba wake Rose, Cal, wote wakimhakikishia kwamba kuna boti nyingine upande wa pili. Wanadanganya. Fataki za kuomba msaada zinapasuka juu ya kichwa cha Jack. Hapa Cameron anazima sauti za watu, anaacha muziki na nyuso, na boti inazidi kushuka, nyuzi za kamba zinateleza. Kisha Rose anaruka, anarudi ndani ya meli inayozama. Wanakutana chini ya ngazi kuu, Jack anamgombeza na kumbusu kwa pamoja, anamwita mjinga, na yeye anamrudishia kauli yake: ukiruka, na mimi naruka. Deni limelipwa kwa sarafu ileile. Ndiyo maana watu huguna hapo. Angekuwa amesema "nakupenda", wangepiga miayo.

Kinachofuata mimi sikipendi. Cal anachukua bastola anawafukuza kwenye ngazi huku meli inajaa maji, kana kwamba Bahari ya Atlantiki haitoshi kuwa adui. Cal mzima ameandikwa vibaya, ni mhuni asiye na hata chembe ya utu wa kutufanya tusite. Na kuna gharama: hofu hukausha machozi. Mtu anayekimbizwa hana nafasi ya kuhuzunika, wala anayemwangalia. Dakika zile za risasi na mikorido ni filamu nyingine.

Ndiyo maana bendi inapiga pigo kubwa hivyo. Ghafla mbio zinasimama. Kihistoria wanamuziki walikuwa 8, wakiongozwa na Wallace Hartley, na hakuna aliyepona. Kwenye filamu Hartley anawaruhusu wenzake, wanaagana, wanaanza kuondoka. Yeye anabaki, anaweka fidla begani, anaanza peke yake. Mmoja anageuka. Kisha wa pili. Bila kuambizana wanarudi mahali pao. Wimbo ni ule ambao wengi wetu tunaujua kama "Karibu na Wewe, Mungu Wangu", na tunaujua kutoka msibani, mbele ya jeneza. Walionusurika walipishana sana kuhusu kilichopigwa mwishoni. Cameron alichagua huu, na kwa mtu aliyelelewa na kitabu cha tenzi mkononi ule uchaguzi ni kisu.

Juu ya wimbo huo ndipo wanapopita wale wazee wawili. Wametokana na watu wa kweli, Isidor Straus, mmoja wa wamiliki wa maduka ya Macy's ya New York, na mkewe Ida. Yeye alikuwa na miaka 67, mkewe 63. Ida aliitiwa nafasi kwenye boti namba 8, akakataa kumwacha mumewe. Walionekana mara ya mwisho wakiwa pamoja juu ya sitaha. Kitanda ni ubunifu wa filamu.

Sasa, hawa hawakutukopesha kitu. Hatukuzungumza nao, hatukula nao. Wanadai nini? Nadhani wanalipa deni la watu wengine. Tangu mwanzo tunawaangalia vijana wawili tukiwaombea wafike mbali, na "mbali" kwenye mapenzi maana yake ni hiyo: kitanda kimoja, mvi, mkono wa mtu uliyemzoea miaka arobaini. Filamu inatuonyesha kile ambacho Jack na Rose hawatakipata, inakionyesha kwa sekunde chache, na inakionyesha kikizama. Halafu kuna ule ukimya. Meli nzima inapiga kelele, wao wameacha kupambana. Kwa kuwa hawasemi, kila mtu anawawekea maneno yake. Sikumuuliza yule mama muuza karanga aliwawekea maneno ya nani. Mwanza ya mwaka ule hukuwa unauliza maswali ya namna hiyo.

Tukio lililo karibu nao ni la mama wa daraja la tatu anayewasimulia wanawe wawili hadithi ya nchi ya ujana wa milele, ili walale. Hilo nalipita haraka kwa makusudi.

Maji yalikuwa na baridi ya nyuzi mbili hivi chini ya sifuri, na vile visu elfu vya ziwani sasa viko kazini. Kuhusu kile kipande cha mbao anachokilalia Rose huku Jack akibaki majini, ndiyo, nimesikia, mnasema wangeenea wote wawili. Cameron naye alichoka kuulizwa, mpaka akafanya majaribio na watu halisi ndani ya maji baridi, yakaonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2023. Swali lenyewe ni dalili ya majonzi: mtu aliyefiwa huwa hivyo, anarudi nyuma kutafuta dakika ambayo mambo yangeweza kwenda vingine. Mbao haikukuliza. Twende.

Jack anamwomba Rose ahadi. Watu wengi wanaikumbuka vibaya, halafu wanaicheka: anaapa hatamwachia, na muda si mrefu anamwachia. Tatizo ni kwamba Kiingereza kinatumia kauli moja kwa kuachia mkono na kwa kukata tamaa. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua, na tukichagua sawasawa mzaha unakufa. Jack hakuomba ashikwe mkono. Alimwomba asikate tamaa, azae watoto, azeeke, afe kitandani mwake akiwa bibi kizee.

Baada ya hapo kuna dakika ambazo ningependa uziangalie siku moja peke yako, simu ukiizima. Kelele za mamia ya watu ndani ya maji zimekwisha. Rose amelala chali, nywele zimeganda, anaangalia nyota, na kwa midomo isiyofunguka vizuri anaimba kale kawimbo ka ndege ka pale omoni. Hakuna anayetukumbusha kalitoka wapi. Tochi inapita kwa mbali: boti moja imerudi, ofisa Lowe anaita kama kuna aliye hai. Rose anamtikisa Jack amwambie. Anamtikisa tena. Analala karibu naye, na kwa kitambo kirefu tunaona wazi kwamba ameamua kubaki. Boti inageuka kuondoka. Ndipo ahadi inapomrudia. Anaita, sauti haitoki, ni mkwaruzo tu. Anabusu vidole vya Jack, anavibandua kimoja kimoja kutoka kwenye vyake, anaapa tena hatakata tamaa huku akimwachia, na ule uso unashuka kwenye giza ukififia kama taa inayoishiwa mafuta. Kisha anajitupa kwenye maji yaleyale, anaogelea hadi kwa ofisa mwingine, aliyekufa kwa baridi, anachomoa filimbi mdomoni mwake, anapuliza.

Filimbi! Katika filamu iliyogharimu dola milioni 200 hivi, kilele chake ni kifilimbi. Usiku wa kwanza alitaka kufa akashawishiwa kuishi. Usiku huu hana wa kumshawishi, anapuliza mwenyewe.

Mwishoni bibi amelala kitandani, na kamera inapita juu ya picha zilizopangwa pembeni. Sauti ya mtu haipo. Rose kando ya ndege ya rubani. Rose na samaki mkubwa aliyemvua. Rose juu ya farasi, ufukweni, amempanda kwa kutanua miguu kama mwanamume, na nyuma yake mashine za burudani za gati la Santa Monica, huko California. Hapa ndipo mimi hushindwa, kila mara. Kwa sababu nyuma kabisa, mchana mmoja kwenye sitaha, Jack alimwambia wataenda Santa Monica, watapanda zile mashine, na atamfundisha kupanda farasi namna hiyo. Yalikuwa maongezi ya vijana, ya kupitisha alasiri. Tuliyasahau, Rose hakuyasahau. Aliishi kila neno, peke yake. Aristotle alisema tanzia hutuamshia huruma na hofu kisha ikatusafisha nazo. Ile picha ya farasi ndiyo inayosafisha: ni i-na-tu-liza na i-na-tuliza ndani ya pumzi moja, na sijui kipi kinatangulia.

Baada ya picha, giza la bahari, kisha ngazi kuu inarudi kwenye mwanga wake, na waliosimama pande zote ni wale waliozama. Saa ya ukutani inaonyesha saa nane na dakika ishirini. Jack yuko juu, ameipa saa uso na watu mgongo. Anageuka.

Bandani kwetu kanda ya pili ilipofika mwisho, deki ilianza kurudisha yenyewe, na ubishi ukaanza kabla taa haijawashwa: yule bibi amekufa au anaota? Vijana wa mbele wakasema amekufa, si umewaona marehemu wote wamempokea. Wengine wakataka kanda irudishwe waangalie kama kifua kinapumua. Cameron hakutoa jibu kwenye filamu, na mwenye banda hakutaka kuchakaza kanda yake. Mama muuza karanga alikuwa amekwishafuta uso kwa ncha ya kanga, anajitwisha beseni.

"Amelala yule," akasema. "Bibi wa miaka mia akilala, mwacheni alale." Akatoka. Hela yake alisahau kuidai.